Balbu Katikati ya Waya

Tarehe 3, mwezi wa pili

Binti yangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mama yako hajambo, na mimi ni mzima kuliko hao vijana wa karakana ya mageti hapa ukutani wanaoshinda wakikohoa. Barua hii namkabidhi dereva wa gari la mikate kama kawaida. Simu unajua siisikii, masikio yangu niliyaacha gereji, na mama yako hata umpe simu atasema nini.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Kile kioo alichoazimwa mama yako na kituo cha tiba baada ya kiharusi, kile anachogusa picha ya kikombe halafu sauti ya dada fulani inasema "Nataka maji," kile kioo ni kigonjwa kuliko mama yako. Asubuhi kinaongea vizuri. Nikimwogesha kinasema "Maji ya baridi." Nikimlisha kinasema "Basi." Huyo dada wa ndani hana hata tafadhali, ananiamrisha kama mimi ni tarishi wake, lakini kuongea anaongea. Ikifika saa sita au saba mchana, kimya. Kimezima. Mpaka jioni umeme urudi, nao huku unakuja giza likiingia, unakaa masaa mawili hivi ukibahatika, unaondoka.

Si kwamba tunapata shida. Mama yako mimi namsoma macho. Nimeishi naye tangu ana meno yote. Mchana kioo kikizima namuuliza, unataka nini, naye macho yanakwenda dirishani. Najua, anataka upepo, anataka kutazama watu. Namfungulia mabawa yote mawili ya dirisha mpaka mwisho. Anatulia kabisa.

Ila kuna bwana wa matamshi, yule wa kituo, amesema atakuja mwisho wa mwezi ujao kumpima anavyokitumia kioo. Amesema atakuja mchana. Akikuta kimezima atasema hatukitumii, atakibeba ampe mgonjwa mwingine.

Kwa hiyo wewe unayekaa na mashine hizo, niambie ni chaja gani inajaza haraka. Mimi natumia ile ya simu yangu ya zamani, chaja nzuri sana, haijawahi kunisumbua. Tatizo ni kioo. Lakini uliza.

Nimechaji betri za nusu ya magari ya mji huu, hata ya mkuu wa polisi, hakuna iliyorudi na malalamiko. Nakuuliza kwa sababu ya adabu tu.

Baba yako,
Fundi Betri


Tarehe 10, mwezi wa pili

Shikamoo baba,

Barua yako nimeisoma stoo hapa dukani wakati wa chakula, nimekalia katoni la chaja, kwa hiyo umeuliza mahali pake.

Tatizo si kioo. Tatizo ni hiyo chaja nzuri sana. Igeuze usome maandishi madogo mgongoni. Utaona volti tano, ampea moja. Zidisha, hizo ni wati tano. Kishikwambi cha mama, hicho unachokiita kioo, kinaweza kupokea hadi wati ishirini na tano, nimetazama kwenye karatasi zake. Kwa masaa mawili ya umeme wako, hiyo chaja haikifikishi popote. Ni kama kujaza pipa kwa kijiko cha chai.

Nimekutumia chaja kwa dereva huyuhuyu, iko ndani ya boksi la biskuti. Ni ya wati arobaini na tano. Usishtuke na ukubwa. Kishikwambi ndicho kinachoomba, chaja inatoa kile tu ilichoombwa. Nimechagua ya aina inayoelewana na kishikwambi chenyewe, maana zipo nyingine zina wati nyingi lakini hazielewani nacho, basi zinatoa kidogo vilevile kama hiyo yako.

Tumia waya niliouweka humo, usitumie mwingine. Ni mfupi na mnene kwa makusudi. Waya mrefu mwembamba unapoteza moto njiani. Chomeka ukutani moja kwa moja. Kishikwambi kivue lile gamba la mpira, kiweke mezani, si juu ya blanketi, na kisitumike wakati kinachaji. Kinaenda mbio mpaka karibu na kujaa, halafu mwishoni kinapunguza mwendo. Usiogope hapo. Ndivyo kilivyo.

Kwa hesabu yangu, umeme wa jioni moja utatosha mama aongee mchana wote.

Msalimie sana. Kazi huku zimebana, sijui nitapata ruhusa lini.

Mwanao


Tarehe 26, mwezi wa pili

Binti yangu,

Boksi la biskuti limefika. Nilifungua mbele ya mama yako nikidhani ni biskuti kweli, akacheka upande ule unaocheka.

Arobaini na tano! Mwanangu, unataka kuendesha kinu? Lakini nimeielewa, mimi si mgeni wa moto. Nimeiweka sawa, nimeifunga kifundi, iko salama na inafanya kazi. Nimevua gamba. Nimeweka mezani. Waya ni huohuo wako. Kila ulichosema nimefanya.

Sasa sikiliza majibu. Chaja yako ni mzigo. Wiki nzima sasa, umeme ukiondoka natazama, robo. Siku moja hata robo haikufika. Ile yangu ndogo ilikuwa inakifikisha zaidi ya hapo. Taa inakonyeza vizuri tu, inawaka inazima, inawaka inazima, kumaanisha moto unaingia, lakini kioo hakishibi. Nilikwambia tangu mwanzo, kioo ni kigonjwa. Wewe ukaja na hesabu.

Sasa kinazima mapema zaidi, kabla ya saa tano. Mama yako analipuka kwa hasira kidogo, anakipigapiga kwa ule mkono mzima, namwambia kiache, kimelala. Halafu ananitazama, anatazama dirisha. Namfungulia. Juzi nimepiga randa ile fremu iliyokuwa inakwama, sasa linafunguka mpaka ukutani, chumba kizima kinapata jua la mchana. Mtu mwingine angeajiri fundi. Mimi mwenyewe, umri huu.

Kama una chaja nyingine ya kweli, lete. Kama huna, sema huna.

Baba yako,
Fundi Betri


Tarehe 4, mwezi wa tatu

Shikamoo baba,

Hiyo chaja niliijaribu hapa dukani kabla ya kuifunga. Niliijaribu na kishikwambi cha aina hiyohiyo, kilijaa kabla ya masaa mawili kwisha. Kwa hiyo haikutoka huku ikiwa mbovu.

Nimerudia barua yako nikakwama mahali pamoja. Umeandika taa inakonyeza. Taa gani? Hiyo chaja haina taa. Waya hauna taa. Kishikwambi kikichaji kinaonyesha alama ya betri pembeni, hakikonyezi.

Niandikie jinsi ulivyoifunga. Anzia soketi, umalizie kwenye kishikwambi, usiruke kitu.

Kituo wamenipigia, maana namba yangu ndiyo iliyoandikwa kwenye fomu ya kuazima. Bwana wa matamshi atakuja tarehe ishirini na tisa, mchana. Wamesema wana watu wengi wanaosubiri vishikwambi na si wote wanaopewa wanavitumia. Walisema kwa upole, lakini walisema.

Mwanao


Tarehe 12, mwezi wa tatu

Binti yangu,

Umeniuliza kama askari wa barabarani, na mimi nakujibu bila kuficha maana sina cha kuficha.

Soketi. Kutoka soketini kuna waya wangu wa nyuzi mbili, uzi mmoja nimeukata katikati, na hapo katikati nimefunga kishikio cha balbu, na ndani yake balbu. Kutoka hapo unaendelea mpaka kwenye chaja yako. Kutoka kwenye chaja, waya wako. Kisha kioo. Basi.

Balbu ni ya zile za zamani, zenye waya ndani, wati sitini. Nilitoka nayo gereji siku niliyostaafu, imefungwa kwenye soksi. Wewe hujaiona kazi hiyo kwa sababu ulizaliwa wakati mashine za kisasa zimekuja, lakini sisi ndivyo tulivyochaji. Moto ukiwa mkali kuliko betri, unaweka balbu njiani, balbu inakula sehemu yake, betri inapata kilichobaki, taratibu. Balbu ni breki. Mwenye gari alikuwa akija kunihimiza, fundi ongeza moto nina safari, namwambia nenda nyumbani ukalale. Aliyeharakisha alilipa betri mpya.

Na lile kovu la kidevuni ambalo ulikuwa unalishika ukiwa mdogo, nilikudanganya kwamba ni mbwa. Ni betri. Mwanafunzi wangu alifungua moto wote siku moja ili tuwahi kufunga. Ilichemka, ikapasuka, ikanimwagia. Sikupiga kelele, waulize waliokuwepo, ingawa wengi wameshakufa.

Kwa hiyo ukiniletea arobaini na tano kwa kitu chembamba kama sahani ya kikombe, lazima kuwe na breki. Balbu inakonyeza, kazi inaendelea. Tatizo ni kioo.

Baba yako,
Fundi Betri


Tarehe 17, mwezi wa tatu

Baba, shikamoo,

Toa hiyo balbu.

Chaja hii si mashine ya gereji. Mashine ya gereji inasukuma, betri inapokea itake isitake. Hii haisukumi. Kishikwambi kina kidude ndani kinachoiambia chaja, nipe kiasi hiki, sasa punguza, sasa inatosha. Breki iko ndani tayari. Ukiweka balbu njiani, chaja inakosa umeme wa kutosha, inazima, inajiwasha tena, inazima. Ndiyo huko kukonyeza. Hakuna moto unaoingia hapo wa maana. Umemweka mama gizani wiki tatu kwa ajili ya balbu iliyotoka kwenye soksi.

Nilikuandikia chomeka ukutani moja kwa moja. Uliniambia kila nilichosema umefanya.

Nitasema hili moja kisha niendelee na kazi. Huyo dada wa ndani ya kioo humpendi, umeniandikia mwenyewe. Anakuamrisha. Ikifika mchana amezima na nyumba imetulia, na wewe unamsoma mama macho, unajibu maswali yako mwenyewe. Labda umezoea akinyamaza. Labda hiyo balbu iko pale pale unapoitaka.

Tarehe ishirini na tisa si mbali. Wakikichukua, mama hatapata kingine.

Mwanao


Tarehe 20, mwezi wa tatu

Binti yangu,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara mbili, maana nasoma polepole.

Kile kioo ndicho mdomo wa mama yako. Sina mwingine wa kumpa. Betri nikiichemsha unanunua betri. Nikichemsha kile, nitamwambia nini, na yeye atanijibu kwa kitu gani?

Sina zaidi.

Baba yako


Tarehe 23, mwezi wa tatu

Baba yangu, shikamoo,

Nilikuandikia vibaya. Nisamehe.

Nimekumbuka kitu. Nikiwa mdogo nilikuwa nakuletea chakula gereji, nakukuta umekaa kwenye kopo la rangi, umeweka kiganja ubavuni mwa betri, humjibu mtu. Ulikuwa unasema mita zinadanganya, mkono haudanganyi.

Basi sikubishii tena. Fanya jaribio moja, jioni moja. Balbu weka kando. Chomeka chaja ukutani. Kishikwambi kiwe mezani, kimevuliwa gamba, kioo kimezimwa. Weka kiganja chako mgongoni mwake, usikiondoe. Kitapata joto, hilo nakuambia mapema ili usishtuke. Joto lake liwe kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, ukiyajaribu kwa mkono. Likizidi hapo, chomoa bila kuniuliza, urudishe balbu yako, na mimi nitanyamaza. Nitampigia bwana wa matamshi mwenyewe nimwambie kosa ni la umeme.

Ukigundua kingine, niandikie.

Mwanao


Tarehe 27, mwezi wa tatu

Binti yangu,

Wa kumwomba msamaha ni mama yako, mimi ngozi yangu ngumu.

Jaribio nimefanya. Na nimelifanya kwa utaratibu kuliko ulivyoniandikia. Wewe hukusema meza ipanguswe, nimepangusa. Hukusema ndoo ya mchanga, nimeweka ndoo ya mchanga miguuni. Mama yako nilimsogeza mpaka ukuta wa pili, nikamfunika shuka mpaka shingoni, kwa sababu ikipasuka ipasukie mwenye uzoefu. Alinitazama kama ninaanzisha vita.

Umeme ulipokuja nikachomeka. Kiganja mgongoni. Nikasubiri.

Mwanzoni baridi. Halafu vuguvugu. Halafu joto, mwanangu, joto lilikuja kwa haraka, nikashika waya kwa mkono wa pili tayari kuchomoa. Mama yako akatoa ile sauti yake ya kooni. Sijui alisema chomoa au acha. Kwa kweli sijui, na mimi ndiye ninayemsoma macho, lakini macho nayo sikuyasoma. Nikaamua mwenyewe. Nikaacha.

Lilifika kama kikombe ambacho chai imeshanywewa, likasimama hapo. Halikupanda. Nikakaa. Mgongo uliniuma sana, lakini hilo si lako. Baadaye, alama ilipokuwa inakaribia kujaa, joto likashuka. Lenyewe. Sikupunguza kitu, sikugusa kitu. Betri zangu hazikuwahi kufanya hivyo hata moja. Hizo kadiri zinavyojaa ndivyo zinavyochemka, lazima mtu akae hapo azizuie. Hiki kilijizuia. Kilijaa, umeme bado upo, kikatulia kama kimemaliza zamu.

Nilimwonyesha mama yako alama. Akagusa picha. Dada akasema, "Umemaliza?"

Nikamwambia nimemaliza. Akasema, "Nitoe shuka."

Chaja ni nzuri, nilijua tangu nilipoiona. Wewe ndiye uliyekuwa na wasiwasi na ile wati tano yangu. Balbu nimeitoa, lakini usiseme popote kwamba ilikuwa kosa. Ilikuwa breki nzuri kwa gari lisilohitaji breki.

Keshokutwa bwana anakuja. Nimenyoa ndevu.

Baba yako,
Fundi Betri


Tarehe 1, mwezi wa nne

Binti yangu,

Kioo kinabaki. Nakupa hilo kwanza ili usome mengine umetulia.

Bwana wa matamshi alikuja saa nane, jua kali, hao wa karakana wanakata vyuma kama wamelaaniwa. Nilimkaribisha vizuri. Nilikuwa nimempamba mama yako, kanga safi, na dirisha nimelifungua mpaka ukutani ili bwana aone mgonjwa hakai kwenye chumba cha gizagiza kama wagonjwa wa watu wengine. Kioo kilikuwa kimejaa zaidi ya nusu, saa nane! Nikamwambia kazi ya chaji hapa inasimamiwa na mtaalamu.

Bwana akavuta kiti, akamsogezea kioo, akamwambia, "Mama, sikuulizi cha kwenye karatasi. Niambie tu, saa hii unataka nini?"

Mama yako akagusa. Dada akasema, "Funga dirisha."

Nikacheka. Nikamwambia bwana kidole kimeteleza, dirisha analipenda, mchana wote analitazama. Bwana hakucheka. Mama yako akagusa tena, taratibu, picha kwa picha, na sisi tunasubiri. "Funga dirisha. Vumbi. Kelele. Jua machoni."

Halafu akanigeukia mimi, akagusa, "Mume wangu. Tafadhali."

Hiyo tafadhali ilikuwepo siku zote humo ndani, kumbe. Iko ukurasa wa pili. Asubuhi zote hizo alikuwa haifikii kwa sababu anaogopa kitazima kabla hajamaliza.

Nikainuka nikalifunga. Lilifungika kwa urahisi sana, ile fremu nimeipiga randa vizuri. Kelele zikapungua nusu. Mama yako akafumba macho, akayafumbua, akayafikicha kwa ule mkono mzima, nikaona ni mekundu. Nilikuwa nayasoma kila siku na sikuona kwamba ni mekundu. Bwana aliandika aliyoandika, akasema anaendelea vizuri sana, kioo kibaki, atarudi baada ya miezi. Mlangoni akaniuliza hiyo chaja ni ya wati ngapi, anataka kuwaambia wengine. Nikamweleza yote, za kuelewana na zisizoelewana, waya mnene, gamba kuvuliwa. Alisikiliza. Sikumwambia habari ya balbu.

Alipoondoka nilikaa na mama yako. Nikamuuliza, tangu ulipougua, kila mchana, mbona hukuniambia?

Akagusa neno moja. "Nilisema."



Ile balbu sasa iko darini chumbani kwake, inafanya kazi ya balbu. Dirisha tunalifungua asubuhi kabla hao wa karakana hawajaanza kukata, tunalifunga kabla ya jua kuzunguka. Amenipangia yeye.

Sasa nina ombi, na usinijibu na hesabu. Nataka waya mwingine. Huu mfupi hautoki ukutani, na jioni umeme ukija ndipo anapotaka kuongea zaidi. Jana nimeburuta kitanda mpaka kwenye soketi, peke yangu, umri huu, mguu mmoja wa kitanda umelegea. Najua ulisema kisitumike wakati kinachaji. Nimejaribu, kinajaa hata hivyo kabla umeme haujaondoka, hiyo chaja ni kubwa, ndiyo faida ya kununua kubwa. Najua pia waya mrefu mwembamba unapoteza moto njiani, hilo mimi ninalijua tangu kabla hujazaliwa. Kwa hiyo tafuta mrefu na mnene. Kutoka soketi mpaka pale kitanda kilipokuwa ni hatua zangu tano, zako sita.

Ruhusa yako ukiipata, njoo nao mwenyewe. Usimpe dereva.

Baba yako,
Fundi Betri

Mama yako ameona naandika, ametaka niongeze yake. Naandika kama alivyogusa, sijapunguza: "Mwanangu. Waya. Mrefu. Baba sasa anasikia."